Kinyota Hakijui Ngeli: Kwa Nini Warsha za Maktaba Ziwafikie Washairi

Liko dai moja ambalo wapenzi wa ushairi wa Kiswahili hulirudia kwa fahari, nalo ni kwamba utunzi ni kipaji, na kipaji hakiombi ruhusa maktabani. Sina ugomvi na nusu ya kwanza ya dai hilo. Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimeona watoto ambao vina viliwajia kama pumzi, na wengine ambao hata kwa kuhesabu mizani vidoleni hawakupata ubeti mmoja wenye uhai. Kipaji kipo.

Ugomvi wangu uko katika nusu ya pili. Mshairi hatungi tu, hubishana pia. Hubishana juu ya vina na mizani, juu ya nani alitangulia kusema nini, juu ya neno lipi ni la kale na lipi limeingia jana, juu ya beti fulani kuwa za Muyaka au kusingiziwa Muyaka. Katika mabishano hayo kipaji hakisaidii kitu. Kinachosaidia ni ushahidi, na ushahidi una mahali unapokaa na njia ya kuufikia. Njia hiyo hufundishwa, na mahali inapofundishwa vizuri siku hizi ni katika warsha fupi ambazo maktaba za vyuo vikuu huwaandalia wanafunzi wao.

Basi hoja yangu ni hii: warsha hizo ziwafungulie mlango watunzi na wapenzi wa lugha walio nje ya vyuo, na zifundishwe kwa Kiswahili. Hili la pili silisemi kwa uzalendo peke yake. Nitaonyesha kwamba mbinu za kutafuta, zikifundishwa kwa mifano ya Kiingereza, huvunjika mkononi mwa mtu anayetafuta maneno ya Kiswahili.

Kinachofundishwa humo

Mimi ni zao la chuo cha ualimu, sikupita chuo kikuu. Chuoni kwetu tulifundishwa andalio la somo, azimio la kazi na namna ya kutumia ubao. Maktaba ilikuwa chumba chenye makabati mawili, na ufunguo ulikuwa kwa mwalimu wa zamu. Hakuna aliyetufundisha namna ya kuuliza swali ambalo jibu lake haliko katika kitabu cha kiada. Kwa hiyo, nikiwa tayari mstaafu, mwanafunzi wangu wa zamani aliponiombea nafasi katika warsha ya siku mbili kwenye maktaba ya chuo kikuu alikokuwa akisoma, nilikwenda kwa hamu.

Yaliyofundishwa mle si mambo ya ajabu, na ndiyo sababu inasikitisha kuona yamefungiwa. Siku ya kwanza tulijifunza kuligeuza jambo tunalolitaka liwe swali, na swali liwe orodha ya maneno makuu ya kutafutia. Tulijifunza kutumia katalogi ya kompyuta, kusoma namba ya kitabu mgongoni na kuifuata hadi kwenye rafu. Siku ya pili ilikuwa ya majarida ya mtandaoni, tasnifu na nyaraka za kale. Tukafundishwa kutofautisha chanzo cha kwanza na chanzo cha pili, yaani aliyeona na aliyesimuliwa. Tukafundishwa kupima kama maandishi yanaaminika, na mwisho namna ya kutaja ulikolipata jambo ili mwingine naye aweze kwenda kulithibitisha.

Wataalamu wa maktaba wana jina la jumla kwa maarifa haya, nao hulihesabu tangu mwaka 1974, Mmarekani Paul Zurkowski alipolitumia akieleza kwamba kujua kusoma pekee hakutoshi tena, bali mtu ajue pia kuipata habari na kuipima. Sisi wa Kiswahili tunaweza kuyaita ujuzi wa kutafuta. Lakini tusidhani ni jambo geni. Mzee anayeulizwa historia ya ukoo akajibu, "Hili nililiona, lile niliambiwa na baba, na lile la tatu ni uvumi," amekwisha kutenganisha vyanzo vyake. Maktaba inaongeza tu namna ya kuyafanya hayo kwa karatasi na kompyuta.

Kinyota na ngeli

Sasa niingie katika kiini cha jambo. Katika warsha ile tulifundishwa mbinu moja ambayo wakutubi wanaipenda sana, na wana haki ya kuipenda. Unaandika mwanzo wa neno, kisha unaweka alama ya kinyota mwishoni, na kompyuta inakuletea maneno yote yanayoanza hivyo. Kwa Kiingereza mbinu hii ni mkombozi, kwa sababu katika lugha ile neno hukua zaidi kwa nyuma. Ukishika herufi nne za mwanzo za neno lao la mshairi, umemshika mshairi, washairi na ushairi kwa mkupuo mmoja.

Kiswahili hukua kwa mbele. Chukua mzizi wetu wenyewe: shairi, mashairi, ushairi, mshairi, washairi, kishairi. Ni maneno sita ya nyumba moja, na kila moja lina mlango wake. Ukiandika "shairi" na kinyota mwishoni, unapata lile la kwanza tu, na ndugu zake watano wanabaki nje. Katika mifumo mingi ya katalogi kinyota hakikubaliwi mwanzoni mwa neno, mahali hasa ambapo ngeli zetu zinakaa. Kinyota hakijui ngeli.

Nilimwuliza kijana mkutubi aliyekuwa akitufundisha, "Hivi, mwanangu, mfumo huu unajua kwamba mshairi na ushairi ni ndugu?"

Akacheka kwa adabu. "Haujui, Mwalimu. Hata sisi tulifundishwa kwa mifano ya Kiingereza."

Jibu lake lilikuwa la ukweli, na lilinipa kazi. Tangu hapo nimekuwa nikiwafundisha vijana watunzi wa hapa Sapiwi njia nyingine. Kabla ya kugusa kompyuta au simu, andika kwenye karatasi ukoo mzima wa neno: umoja wake, wingi wake, mtenda, tendo, na jina la dhahania. Kwa mzizi wa kutunga utakuwa na utungo, tungo, utunzi, mtunzi, watunzi. Na hapo utaona kwamba hata konsonanti imegeuka, g ikawa z, kwa hiyo hata mfumo unaokubali kinyota mwanzoni utakupotezea nusu. Kisha andika sura za lahaja. Anayetafuta "utenzi" peke yake atazikosa kazi zote zilizoandikwa "utendi" kwa sauti ya kaskazini, pamoja na "tenzi" na "tendi" katika wingi.

Baada ya hapo zije tahajia. Kiswahili sanifu kilianza kupangwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930. Maandishi ya kabla ya hapo, na mengi ya baada yake, hayakufuata kanuni tunazozijua. Wajerumani waliandika "Suaheli". Usukuma waliuandika "Ussukuma", kwa s mbili. Liyongo utamkuta kama Liongo. Mtunzi wa utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima ataitwa Hemedi au Hemed, al-Buhriy au El-Buhriy. Tena majina yetu hayakai sawasawa na mpango wa jina la ukoo wa Kizungu. Muyaka bin Haji mtafute kwa Muyaka na kwa Haji. Shaaban Robert mtafute kwa Shaaban na kwa Robert, kwa sababu mkutubi mmoja alilifuata jina la kwanza na mwingine akalifuata la mwisho.

Hata rafu ina lugha yake. Maktaba zinazofuata mpango wa Dewey huweka lugha ya Kiswahili katika 496.392 na fasihi yake katika 896.392. Zile zinazofuata mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani hukiweka Kiswahili kati ya PL8701 na PL8704. Mtunzi akizishika namba hizi anaweza kuingia katika maktaba yoyote kubwa duniani, iwe Nairobi au London, na akatembea moja kwa moja hadi mbele ya ushairi wa kwao bila kumwuliza mtu.

Haya yote hakuna kitabu cha mwongozo cha Kiingereza kitakachoyafundisha, kwa sababu mwandishi wake hana tatizo hilo. Anayeweza kuyafundisha ni mkutubi anayejua mifumo akikaa meza moja na mtu anayejua lugha. Ndiyo maana nasema warsha kwa Kiswahili ni suala la ufundi kabla ya kuwa suala la heshima.

Kilichopo kikitungoja

Huenda msomaji akauliza: akishajua kutafuta, mshairi wa Sapiwi atapata nini? Sisi tuko Bariadi, katika mkoa wa Simiyu uliozaliwa mwaka 2012. Tunajulikana kwa pamba na ng'ombe. Nani ametuandika?

Tumeandikwa kuliko tunavyodhani. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maktaba yenye jina la Dkt. Wilbert Chagula ina sehemu iitwayo East Africana, yenye machapisho na nyaraka za ukanda wetu. Humo zimo nyaraka za Hans Cory, mtu aliyezaliwa Austria, akawa mtaalamu wa elimu ya jamii wa serikali ya kikoloni, akakusanya mila, sheria na nyimbo za makabila ya Ziwa. Kitabu chake juu ya sheria na desturi za Wasukuma kilitoka mwaka 1953, na kile cha utawala wa ntemi kilitoka mwaka 1951. Cory alikuwa mtumishi wa wakoloni, na alichokiandika kisomwe kwa jicho hilo. Lakini atakisomaje mtu asiyejua kwamba kipo?

Na kwa sisi wa ushairi kuna jambo la karibu zaidi. Cory huyohuyo alihariri mkusanyo wa mashairi ya Kiswahili uitwao Sikilizeni Mashairi, uliochapishwa Mwanza mwaka 1958. Mwanza, ndugu zangu, siyo Lamu wala Mombasa. Miaka mitatu kabla ya uhuru, kando ya Ziwa Viktoria, mitambo ya uchapaji ilikuwa ikitoa diwani ya Kiswahili. Mara ngapi tumeambiwa kwamba ushairi wa Kiswahili ni wa pwani na sisi wa bara ni wageni waalikwa? Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na baba wa ngonjera, anatosha kulijibu dai hilo. Lakini kitabu kilichopigwa chapa Mwanza kinalijibu kwa namna yake, na kijana wa Simiyu ana haki ya kukishika mkononi.

Kuna na nyimbo zetu za Kisukuma zenyewe. Mwaka 2010 kampuni ya Brill ya Leiden, Uholanzi, ilitoa kitabu cha Mmarekani Frank Gunderson, Sukuma Labor Songs from Western Tanzania, chenye nyimbo za kazi zaidi ya mia tatu. Nyimbo za bugobogobo zilizolimiwa kwa jembe, nyimbo za wapagazi, nyimbo za vikundi vya vijana waliolima mashamba kwa zamu. Babu zetu waliziimba bure juani. Wajukuu wao wakitaka kuzisoma, inawabidi wajue kwamba kitabu kinaitwaje, kiko katika maktaba ipi, na kinaombwaje. Hilo ndilo linaloniuma. Silalamiki kwamba mgeni ameandika. Kaandika, na ametuhifadhia. Ninalolalamikia ni kwamba hatujajengewa daraja la kukifikia alichokiandika ili tukisahihishe pale alipopotoka na tukiendeleze pale alipoishia.

Maana mtafiti wa ng'ambo husomwa na watafiti wenzake. Neno la Kisukuma likitafsiriwa vibaya katika kitabu cha bei kubwa, linabaki vibaya, kwa sababu mzee anayelijua hana kitabu, na mwenye kitabu hana mzee. Mshairi wa kijijini aliyefundishwa kutafuta ndiye pekee anayeweza kuwakutanisha hao wawili. Na wazee hawangoji.

Mabishano yetu na ushahidi

Wengine watasema hayo ni ya Usukuma, ushairi wa Kiswahili hauna shida hiyo. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni Muyaka. Kila wiki huzunguka katika simu zetu beti zinazobandikwa jina lake. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840 hivi, bila kuacha diwani iliyochapwa. Mashairi yake yalibaki vifuani na katika karatasi za watu wa Mombasa mpaka mwishoni mwa karne ya 19, mmisionari W. E. Taylor alipoyakusanya kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa huko aliyeyajua. Diwani ikatolewa na William Hichens huko Johannesburg mwaka 1940. Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchunguzi wake mkubwa mwaka 1979. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS. Mtu akiijua njia hiyo tangu kifuani mwa mzee wa Mombasa hadi kwenye kabati la London, hawezi tena kupokea kila ubeti unaomjia na jina la Muyaka. Atauliza: umo katika Hichens? Umo katika Abdulaziz? Kama haumo, nani aliusikia, wapi, lini? Maswali matatu tu, nayo yanatosha kumwokoa Muyaka na majungu.

Wa pili ni ule ugomvi wetu wa miaka hamsini juu ya ushairi huru. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, walinzi wa vina walisema ameleta uzungu, na wafuasi wake wakasema vina ni minyororo iliyoletwa na Waarabu. Hadi leo pande mbili zinarushiana maneno yaleyale. Lakini ukienda kwenye vyanzo, kila upande unapata la kuutia aibu. Kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, ambacho wengi hukitaja kana kwamba kimeshuka pamoja na lugha, kilitoka mwaka 1954. Tumbuizo na nyimbo za kale za pwani hazina lile umbo la mizani kumi na sita lenye vina vya kati na vya mwisho linalodaiwa kuwa ndilo ushairi wenyewe. Hapo walinzi wa vina watulie. Upande wa pili nao usome Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728, waone jinsi Waswahili walivyokwisha kuushika mpangilio wa mizani nane kwa ustadi, wakaufanya mali yao. Ibrahim Noor Shariff aliandika Tungo Zetu mwaka 1988 akionyesha wingi wa bahari zetu. Aliyevisoma vitabu hivi bado anaweza kuchagua upande. Atakachoshindwa ni kubisha kwa kelele tu.

Tena iko hazina ambayo hatujaigusa. Mzee J. W. T. Allen na wenzake walizunguka pwani wakikusanya miswada ya Kiswahili na kanda za sauti kwa ajili ya Chuo cha Dar es Salaam, na orodha ya mkusanyo huo ikachapishwa mwaka 1970. Sehemu kubwa ya miswada ya namna hiyo imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya watunzi wa kila pembe ya Tanganyika. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa miongoni mwao. Watunzi wa Ziwa walituma nini humo? Walijibizana na nani? Hayo ni maswali ya mtu mmoja mwenye daftari, subira na siku kumi za maktaba. Hayahitaji shahada.

Pingamizi tatu

Nimelijadili jambo hili na wenzangu, na pingamizi zao nazijua.

Wapo wanaosema intaneti imemaliza habari ya maktaba. Intaneti imeleta mengi, na mimi nashukuru. Lakini haikuonyeshi kilichoko kwenye rafu ambacho hakijapigwa picha, na hicho kwa Kiswahili ndicho kingi. Isitoshe, ile ile warsha ya maktaba ndiyo inayokufundisha kuitafuta intaneti kwa akili, badala ya kupokea la kwanza linalojitokeza.

Wapo wanaosema mshairi akizoea marejeleo atakauka. Waliosema hivyo wamsome Mulokozi na Kahigi, waliotoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979: nusu ni uchambuzi, nusu ni mashairi yao wenyewe. Kezilahabi aliandika tasnifu juu ya riwaya za Shaaban Robert mwaka 1976 akiwa tayari mtunzi. Sioni aliyekauka hapo.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo hutolewa na maktaba zenyewe: nafasi ni chache, wakutubi ni wachache, na wanafunzi wanaolipa ada ndio wenye haki ya kwanza. Nalikubali kwa nusu. Mwanafunzi atangulie. Lakini chuo kikuu cha umma hujengwa kwa kodi ya mkulima wa pamba pia, na vile vya binafsi hujinasibu kwamba viko kwa ajili ya jamii. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilizinduliwa mwaka 2018 ikiwa na nafasi kubwa kuliko tulivyowahi kuota. Kijana mmoja wa huku kwetu, mtunzi mzuri, alifika katika mapokezi ya maktaba moja ya chuo, nisiyoitaja, akaulizwa kitambulisho cha mwanafunzi. Hakuwa nacho. Akaulizwa barua ya kumtambulisha. Hakuwa nayo, wala hakujua aiombe wapi. Akarudi. Hakufukuzwa na mtu mbaya. Alirudishwa na utaratibu usiomjua.

Ninachopendekeza

Utaratibu unaweza kumjua. Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

Kwanza, kila maktaba ya chuo kikuu inayofundisha Kiswahili itenge siku moja katika kila muhula, vema wakati wa likizo ya wanafunzi, kwa warsha ya wazi ya Kiswahili. Dar es Salaam ianze, kwa kuwa maktaba iko jirani na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Dodoma, Zanzibar, na kwetu Mwanza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, wafuate.

Pili, vyama vyetu vya ushairi vitoe barua za utambulisho kwa wanachama. UKUTA iliasisiwa mwaka 1959 kwa usanifu wa Kiswahili na ushairi. Kazi gani nyingine inalingana na jina hilo kuliko kumfikisha mtunzi kwenye maandishi ya lugha yake?

Tatu, wakutubi na walimu wa Kiswahili waandike pamoja mwongozo mfupi wa kutafuta kwa Kiswahili, wenye koo za maneno, tahajia za zamani, majina yenye sura nyingi na namba za rafu. Kurasa ishirini zinatosha, ziwekwe bure mtandaoni zisomeke kwa simu.

Nne, atakayehudhuria warsha alipe ada yake kwa kazi. Arudi kijijini na daftari, akusanye nyimbo kumi za wazee wa kwao, na nakala moja aiweke katika maktaba iliyomfundisha. Hivyo maktaba itapata ambacho fedha haiwezi kununua, na kijiji kitapata mtu anayejua thamani ya alichonacho.

Nanyi mnaosoma hapa msingoje warsha ndipo muanze. Mtu akikuimbia wimbo msioukuta kitabuni, uandike neno kwa neno kwa lugha aliyoimbia, kisha chini yake uandike jina lake kwa ruhusa yake, mahali alipouimba, tarehe, na aliyemfundisha. Wimbo usio na mistari hiyo minne ya chini utakuwa uvumi mara tu mwimbaji atakapofariki. Ukiwa nayo, atakayekuja baada yetu anaweza kuutafuta, kuupata na kuuamini.